Mwanangu alizaliwa njiti wiki ya 29, saivi ana miaka mitano kifua hakiishi. Hii ni pumu au ndo mapafu ya unjiti?

Mama Twaha

Habari za jioni wadau, naombeni mnivumilie maana maelezo ni marefu kidogo na nimeandika nikiwa na usingizi, usiku wa jana sijalala.

Nina mtoto wa kiume wa miaka mitano na miezi miwili. Alizaliwa wiki ya 29 akiwa na kilo moja na gramu 140, presha ya mimba ilinipanda ghafla ikabidi nipasuliwe usiku ule ule. Tulikaa wodi ya njiti siku 61. Siku tisa za mwanzo alikuwa kwenye ile mashine ya kusukuma hewa puani, ile yenye chupa ya maji inayotokota pembeni, manesi wanaiita sipapu, halafu akahamia oksijeni ya mrija wa kawaida, wakawa wanampunguzia wakijaribu kumtoa anashuka wanamrudishia, mpaka siku ya 40 ndo akaachia kabisa. Mimi na mama yangu tukawa tunapokezana kumbeba kifuani kama kangaruu hadi akafika kilo mbili.

Siku tunaruhusiwa tuliambiwa macho yake yapimwe, kichwa kipimwe, uzito ufuatiliwe, tukafanya vyote. Mapafu hakuna aliyeyataja. Na mimi sikuuliza, niliona si anapumua mwenyewe bas yameisha.

Sasa tatizo. Kila mafua yakimpata hayaishii puani, yanashuka kifuani. Mwenzake wa jirani anapiga chafya siku mbili anapona, wa kwangu wiki tatu anakohoa, usiku ndo balaa, na kuna mlio kama filimbi ukiweka sikio mgongoni. Nikimpeleka duka la dawa napewa amoksilini. Mwaka huu tu ameshameza chupa kama saba na hatuna hata mwezi wa kumi. Na akikimbia, wenzake wakiwa bado wanakimbia yeye anachuchumaa pembeni anashika magoti, kwahiyo siku hizi wanamweka golini tu na hapendi, anarudi nyumbani analia.

Upande wa baba yake wanasema ni pumu ya ukoo, kweli shemeji yangu anayo. Shangazi yake kashikilia ni kimeo, kuna mzee anamjua wa kukata. Tunaishi nyumba ya kupanga Mbagala, vyumba sita koridoni moja, na wapangaji wawili wanapikia mkaa hapo hapo koridoni.

Naomba kujua: hii ni pumu au ni kwa sababu alizaliwa njiti? Itaisha akikua? Na je nimzuie kucheza mpira? Natanguliza shukrani.

Baba Wawili

Kimeo hicho dada usihangaike. Wa kwangu alikohoa karibia mwaka, hospitali tumezunguka, akaja kukatwa na mzee mmoja dakika mbili tu, hadi leo kimya.

Chausiku wa Changamwe

Baba Wawili Mungu akujaalie lakini hilo la kimeo nakuomba usimpe mtu mwengine. Huku kwetu kuna mtoto alikatwa akavuja damu usiku kucha, tukaenda naye hospitali nguo zimelowa. Kimeo kiko kooni, kifua kiko kifuani, vinahusiana vipi?

Mama Twaha pole mamangu. Mimi niko Mombasa na wangu wa kike ana miaka 12 sasa, alizaliwa wiki ya 28, kilo moja kasoro kidogo. Yote uliyoandika nimeyapitia hadi hiyo ya kulaza sikio mgongoni, nilikuwa nikifanya hivyo kila usiku kabla sijalala, babake akinicheka.

Mwaka wa kwanza ulikuwa mtihani. Miezi saba alipata mafua tukadhani mchezo, siku ya tatu mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi, akalazwa wiki mbili na oksijeni. Daktari akatuambia ni kirusi kinaitwa RSV, kwa mkubwa ni mafua ya kawaida lakini kwa mtoto mchanga na zaidi njiti kinashuka hadi kwenye vile vijirija vidogo vya mwisho vikaziba. Akasema hata pale Kilifi watafiti wamekifuatilia kirusi hiki miaka na miaka. Tangu hapo mgeni mwenye mafua kwangu habebi mtoto, awe ni nani, na nimenuniwa na mawifi wawili kwa sababu hiyo na sijutii.

La pili ni moshi. Mimi ni mtu wa Pwani, nyumba yetu Alhamisi usiku haipiti bila chetezo, udi na ubani, na usiku tunawasha dawa ya mbu ile ya kuviringika. Nilipoulizwa na daktari kama kuna moshi nyumbani nilijibu hakuna kabisa, maana nilidhani ananiuliza sigara na kuni! Ni mama mkwe aliyekuwa kando akasema na udi je? Tuliacha vyote, tukaweka neti. Sitakudanganya kwamba filimbi iliisha siku hiyo, lakini ile ya kuamka saa nane za usiku ilipungua sana, na udi sasa nafukiza nguo zangu nje uani yeye akiwa shule.

Leo hii anaruka kamba na wenzake. Anachoka mbele yao kidogo, lakini anaruka. Kulazwa mara ya mwisho alikuwa na miaka minne.

Nesi wa Zamu

Mama Twaha, mimi ni nesi, nimekaa wodi ya watoto wachanga miaka 14, saivi nipo kliniki ya watoto. Mtoto wako simuoni kwahiyo siwezi kusema ana nini, lakini kuna vitu kwenye maelezo yako vimenifanya nisipite kimya.

Hizo siku 40 za oksijeni. Hiyo namba iandike mahali na usiipoteze. Njiti aliyehitaji oksijeni kwa siku 28 au zaidi anaingia kwenye kundi lenye jina lake, ni ugonjwa sugu wa mapafu wa watoto njiti, kwenye faili utakuta wameandika tu BPD. Kisha tunaangalia akifikisha wiki 36 tukihesabu na zile za tumboni, je bado yuko kwenye oksijeni? Wa kwako wiki 29 ukiongeza siku 40 unapata wiki ya 34 na siku tano hivi, ina maana alishaachia, hiyo ndo ngazi nyepesi. Sasa nyepesi watu wanasikia kama hakuna. Ipo, ila nyepesi.

Kwanini inatokea. Mapafu ni kama sega la nyuki, hewa inaingia mpaka kwenye vile vitundu vya mwisho ndo damu inachukua oksijeni yake hapo. Mtoto aliyetimiza miezi tisa anazaliwa na vitundu kati ya milioni 50 na 150, mtu mzima ana zaidi ya milioni 300, kwahiyo hata huyo aliyetimiza sehemu kubwa ya mapafu anajijengea akiwa huku nje na sisi. Wiki ya 29 sega lenyewe halijagawanyika, ni vimifuko vichache vikubwa vyenye kuta nene. Hapo hapo tunampa hewa ya mashine na oksijeni, ambazo bila hizo asingekuwepo, lakini nazo zinaunguza, na maambukizi yakipita yanaongeza. Mapafu yanaendelea kukua ila yanakua kwa mpangilio mwingine, vitundu vichache na vikubwa, mirija inayopeleka hewa inakuwa myembamba. Mrija mwembamba ukipata makamasi kidogo tu na kuvimba kidogo unalia filimbi. Mwenzake wa jirani anavimba kiasi kile kile lakini mrija wake mpana, ndo maana siku mbili kapona.

Kwahiyo jibu la swali lako, inaweza kuwa unjiti, inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa vyote viwili na kwa hilo la shemeji yako nisingelifuta. Tofauti yake ina maana kwenye dawa. Pumu ya kawaida ni mirija kuvimba kwa mzio, inasikia sana dawa za kuvuta za steroidi, zile za kupunguza uvimbe. Hii ya njiti mara nyingi sio mzio, shida ni mirija yenyewe ilivyojengeka, kuna wanaopata nafuu kwa dawa ya kufungua kifua na kuna wasiopata, na steroidi za kila siku kwa wengi wao hazifanyi kazi kubwa kama kwenye pumu. Ndo maana hatubahatishi. Kuanzia miaka mitano sita mtoto anaweza kupimwa kwa kupuliza kwenye mashine, spairometri, anapuliza, anapewa dawa ya kufungua, anakaa kama dakika 15, anapuliza tena, tunaona imefunguka kiasi gani. Umri wake ndo huu.

Uingereza na Ireland kuna watoto waliozaliwa 1995 kabla ya wiki ya 26, hao ni wadogo kuliko wako kwa mbali, wamefuatiliwa mpaka utu uzima. Walipofika miaka 11 zaidi ya nusu kipimo cha kupuliza hakikuwa sawa, lakini waliokuwa wameambiwa wana pumu ni kama mmoja kati ya wanne. Yaani wengine wapo tu darasani wanachoka mapema kuliko wenzao na nyumbani wanaambiwa wavivu.

Amoksilini chupa saba, hapana jamani. Filimbi na mafua kwa sehemu kubwa ni virusi, antibiotiki haivigusi. Nimonia ya kweli ipo na kwa njiti iko karibu zaidi, ila huijui kwa kikohozi, unaijua kwa kupumua. Muache alale atulie, funua fulana, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano zikifika 40 ni za haraka. Wako amevuka kidogo kwahiyo usingoje hata zifike hapo. Ukiona chini ya mbavu panabonyea, pua zinapanuka, hawezi kumaliza sentensi, midomo imekuwa ya kijivu au bluu, analegea, hiyo sio ya duka la dawa wala ya kusubiri asubuhi.

Mpira muache acheze. Tena acheze. Kuchuchumaa kupumzika mwache achuchumae, aanze taratibu sio kutoka usingizini kwenda kukimbia, na daktari akiona inafaa atampa dawa ya kuvuta kabla ya mchezo. Mtoto anayezuiwa kukimbia anachoka zaidi, moyo na misuli vinalala.

Chanjo zake nadhani zimekamilika, angalia kadi kama ile ya nimonia alipata zote. Njiti anachanjwa kwa tarehe aliyozaliwa, sio ile aliyotakiwa kuzaliwa, kuna wazazi hupiga hesabu za kurudisha nyuma wakachelewesha.

Kimeo Chausiku kamaliza. Mimi nimewahi kupokea wa pepopunda baada ya kukatwa, sitaki kueleza zaidi.

Huo mkaa wa koridoni ndo adui yako namba moja na ndo mgumu kuliko vyote, maana hauko kwenye chumba chako.

Kijana wa Ilala

Nesi swali nje ya mada kidogo. Mbona wazee wanasema mtoto wa miezi saba anapona ila wa miezi nane hafiki? Bibi yangu ni mkunga wa jadi na anaapa.

Nesi wa Zamu

Hahaha hilo nimesikia mpaka ndani ya wodi. Sio kweli, kila wiki inayoongezeka tumboni mapafu yanakuwa na nguvu zaidi. Nadhani linatokana na hivi: wa miezi saba aliyezaliwa nyumbani zamani na mapafu mabovu alikuwa anafariki pale pale na hahesabiwi, aliyepona anasimuliwa miaka 50. Wa miezi nane anazaliwa mnene, analia, watu wanashangilia, halafu baada ya masaa anaanza kukoroma akitoa pumzi, kesho yake anaondoka. Hilo linauma na ndo linakumbukwa.

Mwaka 1963 lilimpata rais wa Marekani Kennedy. Mwanaye Patrick alizaliwa Agosti 7, wiki tano na nusu kabla ya siku zake, huyo ndo wa miezi nane kabisa, kilo mbili na ushee. Akafa Agosti 9. Mtoto wa ikulu, hospitali zote za Boston zipo, na hakukuwa na cha kumpa. Kilichokosekana ni yale mafuta mafuta yanayozuia vifuko vya mapafu visinatane ukitoa pumzi, safaktanti, na daktari Mary Ellen Avery alikuwa ameshagundua mwaka 1959 kwamba watoto hawa hawana. Kujua kupo, dawa hamna. Ya kuwekewa mapafuni ilikuja kufanya kazi 1980 kule Japani, daktari anaitwa Fujiwara, aliitoa kwenye mapafu ya ng'ombe.

Na ile sindano ya kukomaza mapafu tunayowachoma kina mama ilianzia kwa kondoo. Daktari Liggins wa Auckland, New Zealand, alikuwa anatafuta kitu kingine kabisa, anataka kujua nini kinaanzisha uchungu, akawachoma kondoo steroidi wakazaa kabla ya wakati, na wale wana kondoo ambao walitakiwa wafe akawakuta wanapumua. Mwaka 1972 yeye na mwenzake Howie wakatoa majibu ya kuijaribu kwa kina mama. Mama Twaha wewe ulichomwa?

Mama Twaha

Nilichomwa moja, ya pili ilikuwa ifuate lakini presha haikusubiri.

Dada nesi nimesoma nimerudia mara tatu, nimelia kidogo nikanyamaza. Hiyo ya wavivu imenigusa maana nimewahi kumwambia.

Naogopa kitu kimoja, pampu, ile ya kuvuta dawa mdomoni. Watu wanasema mtoto akizoeshwa pampu haachi tena maisha yake yote, bora vidonge au dawa ya maji. Na bei pia, ile chupa ya kuvutia niliambiwa inauzwa ghali nikaahirisha.

Nesi wa Zamu

Haizoeshi. Anayeitumia miaka mingi ni kwa sababu ugonjwa upo miaka mingi, kama miwani tu. Dawa ya maji ya kufungua kifua inazunguka mwili mzima kwanza, mtoto anatetemeka mikono na moyo unakimbia, kisha kidogo ndo kinafika mapafuni. Ya kuvuta inaenda moja kwa moja kwa kiasi kidogo sana.

Kinachoiharibu ni kumpulizia mtoto mdomoni moja kwa moja, yote inaishia kwenye ulimi. Lazima ipite kwenye spesa, hiyo chupa unayosema. Na sio lazima ununue. Profesa Heather Zar wa Cape Town na wenzake walilinganisha spesa za dukani na chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita kwa watoto waliokuja wamebanwa na pumu, wakatoa majibu mwaka 1999, ile ya chupa ilifanya kazi sawa na ya dukani. Chukua chupa safi ya nusu lita. Kwenye kitako toboa tundu lenye umbo lile lile la mdomo wa pampu, unapasha waya uliokunjwa kwa umbo hilo ndo unatoboa nao, ukitumia kisu linakuwa kubwa na hewa inavuja. Pampu iingie ibane kabisa. Ioshe kwa maji ya sabuni, usiisugue, usiisuuze, iache ikauke yenyewe kwenye hewa, maana plastiki kavu mpya inavuta dawa inagandia ukutani. Mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa anabana, unatikisa pampu, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi tano humo humo kwa utulivu. Kama ni mbili basi unatikisa tena unarudia, usibonyeze mbili kwa pamoja.

Lakini dozi na kama anaihitaji ni daktari aliyempima, sio mimi kwenye simu.

Fundi wa Keko

Mimi huwa nasoma tu humu sichangii ila hii imenikuta kitandani nikaona niandike.

Nimezaliwa Songea 1992, miezi saba. Hakukuwa na mashine wala nini, mama anasema bibi aliniviringisha kwenye pamba akaniweka katikati ya chupa mbili za maji ya moto, usiku kucha anabadilisha maji. Kwetu jina langu la nyumbani mpaka leo ni Pamba, mke wangu alijua maana yake mwaka wa tatu wa ndoa.

Utotoni nilikuwa mtoto wa kifua, nikakua kikapotea, nikasahau. Nikaja Dar nikaingia useremala hapa Keko, vumbi la mbao, vanishi, na sigara nilianza nikiwa na 17 pakiti nusu kwa siku. Kufika 28 napanda na kitanda ghorofa ya pili nakaa kwenye ngazi. Nimepimwa kifua kikuu mara nne, makohozi safi kila mara, kuna sehemu waliniambia nina hofu tu. Mwaka juzi kulikuwa na upimaji wa afya kwa mafundi, nikapulizishwa hiyo mashine anayosema nesi, yule daktari akaangalia karatasi akaniangalia mimi, akasema rudia. Nikarudia mara tatu. Akaniuliza vumbi, sigara, TB, kuni, nikajibu, bado anaona hesabu hazitoshi kwa umri wangu. Mwisho kaniuliza ulizaliwa vipi. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hilo swali nikiwa na ndevu.

Alinieleza hivi, kila mtu mapafu yake yanapanda mpaka miaka ishirini na kitu hivi, baada ya hapo yanashuka polepole, ni kama akiba. Mimi nilifika hapo juu nikiwa na akiba pungufu, halafu nikaanza kuitumbua kwa sigara na vumbi. Sigara nimeacha, mwezi wa kumi na sita huu. Barakoa navaa ile ngumu sio ya kitambaa, vijana wananicheka wananiita daktari. Ngazi bado napumzika ila ghorofa ya pili nafika na kitanda.

Dada mwambie mwanao mapema. Sio kumtisha, mwambie tu ajue kwamba sigara na hizo za kielektroniki na shisha sio za kwake, hata kama wenzake zitawachukua miaka 30 kuonekana. Mimi ningeambiwa nikiwa na 15 sijui kama ningesikia, kwa kweli, lakini ningekuwa nimeambiwa.

Chausiku wa Changamwe

Pamba! 😂 Maneno yako nimemsomea binti yangu kwa sauti. Kasema "kwahiyo na mimi niitwe nani."

Mama Twaha

Wadau nimerudi baada ya kama wiki tatu na nusu, samahani kwa kimya.

Kadi ya kuruhusiwa niliitafuta siku mbili, nikaikuta kwenye mfuko wa rambo chini ya godoro pamoja na kile kibendera cha mkononi alichofungwa wodini, bado kina jina langu. Nikaenda kliniki ya watoto na kadi mkononi, kabla daktari hajauliza chochote nikasema wiki 29, oksijeni siku 40, sindano ya mapafu moja. Akaacha kuandika akaniangalia, akageuza daftari la mtoto ukurasa wa kwanza akaandika hayo yote kwa kalamu nyekundu akayazungushia. Akasema kila utakapoenda, hata usiku kwa daktari usiyemjua, fungua hapa kwanza.

Kupuliza kulikuwa kichekesho, mara ya kwanza kavuta badala ya kupuliza, mara ya pili kacheka, dada wa mashine akamwambia fikiria kuna mishumaa ya keki pale ukutani mbali, akapuliza mpaka akakohoa. Majibu: mirija myembamba, baada ya dawa inafunguka kiasi lakini sio yote. Daktari kasema hiyo inafanana na unjiti zaidi, ila pumu hajaifunga kwa kuwa ipo kwenye ukoo, amempa ya kufungua tu atumie akibanwa na kabla ya mpira, tunarudi baada ya miezi mitatu. Steroidi hajampa kwa sasa. Amoksilini kasema nisinunue tena bila mtoto kuonekana.

Chupa nimetengeneza mwenyewe, ya kwanza niliunguza tundu likawa kama la panya, ya pili imekaa vizuri. Kaibandika stika anaita roketi. Mdogo wake naye anataka ya kwake.

Mkaa nimeongea na mama mwenye nyumba. Tumekubaliana majiko yote yanakaa uani chini ya bati. Mpangaji mmoja kakubali, mwingine kasema mvua ikinyesha atarudi ndani na ikabidi nimuonyeshe ile video ya mtoto akibanwa usiku, kanyamaza, jiko lipo nje mpaka leo ila salamu ndo imepungua. Shangazi wa kimeo bado hajakata tamaa, juzi kaleta namba ya simu ya yule mzee.

Golini bado wanamweka. Lakini jana kavuta roketi yake mbili, kaingia uwanjani, mpira umemkuta mguuni akaamua kuondoka nao, kakimbia nao hadi karibu na goli la wenzao, kanyang'anywa, wakaja wakafunga goli tupu. Wamemfokea wote. Karudi nyumbani anahema na anacheka, anauliza kama kesho Jumamosi.